Mti wa kiganja cha mtoto na siku 85 nilizokaa Minoh, Japani

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Japani mwaka jana, mama yetu aliyeko Tanga alisema neno moja tu kwenye simu: "Nenda." Magoti yake hayamruhusu tena kukaa saa nyingi kwenye ndege, na mimi ndiye mkubwa. Nikachukua likizo bila malipo, wanangu wawili nikawapeleka kwa bibi yao, na mwanzoni mwa Septemba nikaondoka na kanga kumi na mbili na daftari ambalo mama aliniandikia mambo yote ya arobaini: kuoga, kukandwa, uji, supu, nani aingie chumbani na nani asiingie.

Wajapani nao wana desturi inayofanana na yetu. Binti akikaribia kujifungua hurudi kwao, akakaa na mama yake wiki kadhaa. Mdogo wangu kwao ni mbali, basi ikabidi kwao kumfuate yeye.

Kwa hiyo sikwenda kutazama miti. Nasema mapema kwa sababu tangu nirudi watu wananiuliza habari za treni za kasi na mlima Fuji, na mimi habari niliyorudi nayo ni ya mti mmoja, tena mti ambao nusura niuue.

Minoh ni mji mdogo upande wa kaskazini wa Osaka. Unapanda treni ya Hankyu pale Umeda katikati ya jiji, mabehewa yake yana rangi ya damu ya mzee, unabadilisha Ishibashi, na baada ya vituo vichache reli inaishia hapo. Nyuma ya kituo cha Minoh hakuna mji tena. Kuna kilima chenye msitu, kijito, na njia ya miguu ya karibu kilomita 3 inayopanda hadi kwenye maporomoko ya maji yenye urefu wa mita 33. Watu wa Osaka huja hapo tangu zamani kwa sababu ya mti ninaousimulia. Wenyewe wanauita momiji. Nchi nyingine unajulikana kama mepo wa Kijapani.

Nilifika nikiwa nimevaa sweta. Nilidhani Japani ni baridi. Septemba ya kule ni joto la zaidi ya nyuzi 30 na unyevu wa kukufanya ubadilishe nguo mara mbili, kama Tanga mwezi wa pili. Mdogo wangu alinicheka mlangoni, kisha akaanza kulia, na sikujua nishike nini kwanza, yeye au mtoto.

Wanaishi ghorofa ya nne. Roshani yao inatazama magharibi, na kwenye roshani hiyo kulikuwa na chungu cha udongo chenye mti mdogo unaonifika magotini. Majani yake yalikuwa membamba kama karatasi ya daftari, kila jani lina ncha saba, na ncha zote zimekauka rangi ya kahawia.

"Huo ni wa mtoto," mdogo wangu aliniambia. "Baba mkwe kauleta wiki aliyozaliwa."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Mmea ukinyauka, unamwagilia. Nikaupa maji asubuhi, nikaupa mchana jua likiwa kali, nikaupa jioni. Chini ya chungu niliweka kisahani kikubwa ili maji yasipotee, na kisahani hicho hakikukauka hata siku moja. Majani yakazidi kukauka. Nikazidisha maji.

Ndani ya chumba nako nilikuwa hivyohivyo. Uji saa moja, kukandwa saa mbili, supu saa nne, mtoto kaamka mlete, mtoto kalala mfunike. Daftari la mama nililifuata kama mwanafunzi wa bweni. Siku ya kumi mdogo wangu alisukuma bakuli la supu na kusema kwa sauti ndogo, "Dada, naomba tu nilale." Niliumia. Nilikwenda roshani nikaumwagilia ule mti tena.

Hauna kiu, unazama

Jumapili baba mkwe wake alikuja. Mzee wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkono wa kulia una alama za mikasi ya bustani. Alivua viatu, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akainama mbele ya mtoto. Mtoto alikuwa amekunja ngumi. Mzee akaingiza kidole chake taratibu, ngumi ikafunguka, akasema neno moja: "Momiji."

Mdogo wangu alinifafanulia. Wajapani hufananisha kiganja cha mtoto mchanga na jani la mti huu: kadogo, vidole vimetawanyika, kikipata baridi kinakuwa chekundu. Kuna jina jingine la jamii ya miti hii, kaede, ambalo linatokana na maneno ya zamani yenye maana ya mkono wa chura. Na hata daktari wa Kiswidi aliyeupa jina la kisayansi, Carl Peter Thunberg, aliyeishi Japani mwaka 1775 na 1776 akiwa na kampuni ya Waholanzi, aliona mkono hapo hapo. Aliuita Acer palmatum, na hilo neno la pili lina maana ya wenye umbo la kiganja. Chura, mtoto, kiganja. Kila aliyeutazama aliona mkono.

Kisha Mzee akatoka roshani.

Hakusema kitu. Aliondoa kisahani, akamwaga maji. Akanyanyua chungu kupima uzito, akainamisha pua kwenye tundu la chini, akanusa. Akaniangalia mimi, si kwa ukali, akamwambia mkwewe sentensi moja. Mdogo wangu akacheka, kicheko cha kwanza tangu nifike.

"Anasema mti hauna kiu, Dada. Unazama."

Maelezo yake yalitafsiriwa kwangu kidogo kidogo huku mtoto akinyonya, na ninayaandika hapa kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu Ulaya, Marekani au Japani kwenyewe, na mti huu unauzwa sana huko kwa ajili ya bustani na roshani.

Momiji ni mti wa kivulini. Msituni huota chini ya miti mirefu zaidi, kwenye miteremko, juu ya udongo mwepesi uliojaa majani yaliyooza. Mizizi yake haiendi chini sana. Inatambaa karibu na uso wa udongo, myembamba, mingi kama nywele. Inataka unyevu, lakini inataka hewa vilevile. Ukiujaza maji udongo wake saa zote, hewa inatoka, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haupandishi maji. Sasa juu kule majani yanakauka kwa kukosa maji ilhali chini kumejaa. Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Anaona jani kavu, anaongeza maji, na anaumaliza kabisa.

Kilichokuwa kimeunguza ncha za majani mwanzoni kilikuwa jua la magharibi na upepo wa ghorofani. Jani la momiji ni jembamba mno. Jua la alasiri likilipiga na upepo ukilipuliza, linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata udongo ukiwa umelowa vizuri. Dawa yake ilikuwa kuuhamisha, siyo kumwagilia.

Akauhamisha. Akaupeleka upande wa mashariki karibu na mlango, panapopata jua la asubuhi tu na kivuli kuanzia mchana. Akaniambia nichomeke kidole kwenye udongo hadi kwenye kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, niache. Kikitoka kikavu, nimwagilie asubuhi, polepole, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, basi, mpaka kidole kiniambie tena. Kisahani aliondoka nacho kabisa, nadhani hakuniamini.

Nikamuuliza kama niweke mbolea ili upate nguvu. Alitikisa kichwa. Mti wenye mizizi mibovu hauongezewi mbolea. Mbolea kidogo ya kuyeyuka polepole ni ya mwanzo wa majira ya kuchipua, mti ukiwa mzima. Kwetu tungesema mgonjwa hapewi pilau. Majani yaliyoungua hayatakuwa kijani tena, alisema, kwa hiyo nisiyahesabu kila siku.

Jioni ile nilimwacha mdogo wangu alale saa tano mfululizo. Mtoto nilimbeba mimi mgongoni kwa kanga, tukawa tunatembea ukumbini, supu ikapoa jikoni.

Unga wa mbao kwenye shina

Mzee anaishi peke yake Ikeda, mji wa jirani, kwenye nyumba ya zamani yenye vigae vyeusi. Mkewe alikwishafariki. Mwisho wa Septemba shemeji alinipeleka huko kupeleka chakula, na ndipo nilipouona mti mkubwa.

Walioupanda ni Mzee na mkewe, mwaka aliozaliwa shemeji. Miaka 34. Sasa unafika kwenye vigae vya paa, na matawi yake yamekaa tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyotandikwa hewani. Nimeona miembe ya miaka mia, lakini sikuwahi kuona mti ambao mtu amekaa nao hivyo, kila tawi likiwa na sababu ya kuwa pale lilipo. Upande wa mashariki ulikuwa kijani. Upande wa magharibi majani yalikuwa yamekunjamana, makavu, yamening'inia bila kuanguka.

Nikasema ni jua. Nilishajiona mtaalamu.

Mzee alipiga goti na kunionyesha shina pale linapoingia ardhini. Kulikuwa na unga wa mbao, kidogo tu, kama uliomwagwa na fundi aliyekata ubao mmoja na kuondoka. Juu yake kulikuwa na tundu la kuingia penseli.

Huyo ni funza wa mende mwenye pembe ndefu kuliko mwili, mweusi mwenye madoa meupe. Mende jike hutoboa gome karibu na ardhi wakati wa kiangazi na kutaga mayai. Funza akianguliwa anakula chini ya gome, kisha anaingia ndani ya mti na kukaa humo mwaka mmoja au miwili. Wajapani wanamwita teppomushi, yaani mdudu wa bunduki, kwa ajili ya lile tundu. Momiji ni chakula anachokipenda. Akizunguka shina lote, njia ya maji inakatika, na mti unakufa ukiwa umesimama.

Mzee alichukua waya mwembamba, akaunyoosha, akauingiza kwenye tundu. Aliusukuma taratibu, akisikiliza, kama mtu anayezibua bomba. Alitoa funza mweupe mnene, urefu wa kidole cha mwisho. Akarudi tena. Kulikuwa na matundu mengine mawili. Akapulizia dawa ya dukani kwa mrija mwembamba, akayaziba. Kazi nzima ilichukua saa nzima na nusu, na katika muda huo hakuzungumza.

Nilimuuliza shemeji kama mti utapona. Aliuliza, na jibu likawa fupi: utajulikana Aprili. Matawi yaliyokufa yanaweza kukatwa wakati wowote, lakini Mzee hakutaka kuyagusa mpaka aone kipi kimekufa kweli na kipi kimelala. Shemeji aliniambia kwa pembeni kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akizunguka mti huu kila asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba, akiwaokota mende kwa mkono kabla hawajataga. Tangu afariki hakuna aliyeinama pale chini. Mzee macho yake hayaoni vizuri tena vitu vidogo.

Mbegu za bluu

Nimkumbushe msomaji kosa jingine, hili nililifanya nikiwa bado Dar es Salaam. Miaka mitatu iliyopita niliona kwenye simu picha ya mepo wenye majani ya bluu, bluu ya kanzu ya shule, na mtu anauza mbegu zake. Nikalipa. Pakiti ilikuja na mbegu kumi, nikapanda, zikaota majani ambayo jirani yangu aliyatambua mara moja kuwa ni mchicha pori.

Nilimwonyesha Mzee ile picha. Alivaa miwani, akaivua, akacheka hadi akakohoa. Momiji wa bluu hayupo. Wapo wa kijani, wa njano, wa zambarau iliyoiva, wa waridi wanapochipua, wapo wenye majani yaliyochanwa kama nyuzi, na wapo ambao majani yakidondoka magome yao hubaki mekundu baridi nzima. Aina zilizopewa majina zinapita 1,000. Bluu hakuna.

Na hata kama ingekuwapo, usingeipata kwa mbegu. Ndivyo nilivyoelewa siku tuliyokwenda Yamamoto, sehemu ya mji wa Takarazuka, kununua udongo. Yamamoto ni mtaa wa wauza miche tangu karne nyingi; inasimuliwa kwamba mwaka 1593 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimpa fundi mmoja wa hapo cheo kwa ustadi wake wa kubebesha miti. Kubebesha tunakujua, ndivyo tunavyopata miembe na miparachichi mifupi inayozaa mapema. Mbegu ya momiji mwekundu inaweza kukupa mti wa kijani, au wowote ule. Anayetaka aina fulani anachukua kijiti cha aina hiyo na kukiunganisha kwenye shina la momiji wa kawaida.

Ndiyo maana ukinunua mche uliobebeshwa tazama chini ya kiungo. Machipukizi yakitokea hapo chini ni ya mti wa kawaida, na yana nguvu. Yakate mapema. Ukiyaonea huruma yatameza ule mti uliolipia.

Novemba

Mti mdogo wa mtoto ulitoa majani mapya matatu katikati ya Oktoba, mekundu kwenye ncha. Mzee hakufurahi kama nilivyotarajia. Majani ya wakati huo yamechelewa, alisema, baridi itayakuta laini. Lakini mizizi inafanya kazi.

Nami nilikuwa nahesabu siku. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa akiniuliza kila jioni, "Mama zimebaki ngapi?" Kaka yake wa miaka kumi na tatu aliacha kuja kwenye simu kwa wiki nzima. Bibi alisema yuko nje anacheza. Nilijua hachezi.

Wiki ya tatu ya Novemba kilima cha Minoh kikageuka. Sina namna ya kulieleza vizuri. Kijani cha miti mingine kilikuwa bado kipo, na katikati yake, kando ya kijito na juu ya madaraja, mekundu, machungwa, manjano, jua likipita ndani ya majani kama kwenye kioo cha rangi. Jani la momiji likiwa jembamba vile, uzuri wake unauona vizuri ukiwa chini yake na kutazama juu.

Baridi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi kama 8, jani linaacha kutengeneza ukijani na ule uliopo unavunjika. Manjano yalikuwamo tangu mwanzo, yamefichwa. Wekundu ni mpya: sukari inabaki kwenye jani, na jua la mchana linasaidia kuigeuza kuwa rangi. Mchana mkavu wenye jua na usiku wa baridi, hapo ndipo unapopata nyekundu nzuri. Na jani lililoungua kiangazi halina cha kugeuza. Linadondoka na ukahawia wake. Hivyo uzuri wa Novemba unalindwa mwezi wa nane, kwa kivuli.

Mdogo wangu alipanda nasi hadi kwenye maporomoko. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea mbali hivyo tangu ajifungue. Mtoto mgongoni, kanga ya mama yetu ikiwa juu ya koti, wazee wa Kijapani wanasimama kutabasamu. Njiani kuna vibanda vinavyokaanga majani ya momiji. Siyo umbo la jani, ni jani lenyewe: huchumwa la njano, likawekwa kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi, likaondolewa chumvi, likachovywa kwenye rojo la unga wa ngano, sukari na ufuta, kisha likakaangwa. Ladha ya jani huisikii sana. Ladha unayoisikia ni visheti.

Nilikuwa nimesimama hapo nikimweleza mwanangu kwa simu nilichokuwa natafuna, niliposikia nyuma yangu, "Shikamoo, mama." Nikageuka. Wasichana wawili wa Kijapani, mikoba ya chuo mabegani. Hapo Minoh kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Osaka ambako Kiswahili kinasomwa kama somo kuu la shahada. Niliitikia marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi, mdogo wangu akanivuta mkono.

Mwanangu kwenye simu alitaka kuona mti. Nikageuza kamera. Akatazama, akasema, "Mama, ni kama mkungu wa shule."

Alisema kweli. Mkungu wetu wa pwani nao majani yake makubwa huwa mekundu kabla ya kudondoka, na mimi nimepita chini ya mkungu ule miaka yote nikimwambia asiokote kungu zilizoanguka mchangani.

Kwa nini sikurudi na mche

Nilitaka mche mmoja tu, niupande Lushoto kwa shangazi, kule kwenye baridi. Mzee aliniuliza kupitia shemeji kama Lushoto maji huganda nje. Nikasema hapana, lakini Julai tunavaa sweta. Akauliza kama baridi hiyo inakaa miezi, usiku na mchana. Nikasema mchana jua linarudi.

Akasema basi hautalala. Momiji anahitaji wiki nyingi mfululizo za baridi kali ili apumzike na kuandaa macho ya mwaka unaofuata. Asipolala anachipua ovyo, kila mwaka anadhoofika, mwisho anakufa, na mwenyewe anadhani ni maji au udongo. Hilo linawahusu pia walio ughaibuni wanaouonea huruma mti na kuuingiza sebuleni kwenye joto la hita wakati wa theluji. Uache nje. Kama uko kwenye chungu, usogeze ukutani pasipo na upepo mkali, umwagilie mara chache udongo usikauke kabisa, basi. Tena kuvusha mche mpakani kuna vibali na vyeti vya afya ya mimea, na ni vizuri kwamba vipo, ukikumbuka yule funza.

Badala ya mche alichukua daftari langu, lile la mama. Kurasa za mbele zilikuwa za arobaini. Akaligeuza, akaandika nyuma, shemeji akatafsiri pembeni. Kupogoa: majani yakishadondoka, Desemba hadi katikati ya Januari, ukichelewa utomvu unaanza kupanda na kidonda kinavuja. Usiondoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka. Kata tawi linalorudi ndani na linalosugua jingine, mengine yaache. Kubadili udongo wa chungu: kila miaka miwili au mitatu, mwisho wa Februari, kabla macho hayajafunguka. Matandazo ya majani au magome juu ya udongo, unene wa vidole vitatu, yasiguse shina. Na mwezi wa sita na wa saba, kila asubuhi, inama utazame chini.

Mstari huo wa mwisho aliuandika mara mbili. Nakala moja aliichana na kumpa mdogo wangu.

Niliondoka siku ya 85. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwanangu mkubwa alinipokea begi bila kunitazama, na tulipofika kwenye gari ndipo aliponikumbatia. Boksi la majani ya kukaanga liliisha kabla hatujafika Tanga.

Aprili hii mdogo wangu alinitumia video. Chungu cha mtoto kimejaa majani mapya, bado yamekunjwa kama mwavuli, na mkono wa mtoto unajaribu kuyashika. Kisha akaenda Ikeda. Upande wa mashariki wa mti mkubwa umechipua wote. Upande wa magharibi Mzee amekata matawi manne, amepaka dawa nyeupe kwenye vidonda, na tawi moja la tano aliloliacha lina macho mawili ambayo hayajafunguka. Mdogo wangu amesogeza kamera karibu. Anauliza, "Dada, wewe unaonaje, ni mekundu au ni kivuli tu?" Nimeitazama mara nyingi na sijui nimjibu nini.